Ngoma ziachwe ziingie uwanjani

Mechi ya mpira bila makelele ya watu mimi naiita mazoezi. Najua kuna watakaosema mpira ni wachezaji na kochi, na sisi wengine kazi yetu ni kulipa tiketi na kukaa kitako, lakini hapo mimi nakataa kabisa. Sisi wa huku Kisumu na wenzetu wa Kakamega, Kisii, Bungoma mpaka Nakuru tumekulia kwa hayo makelele, na saa hii nikiona venye tunaanza kunyamazishwa na spika kwa viwanja vyetu wenyewe naskia uchungu, so wacha leo niandike yote yenye iko kwa roho.

Kilichonisukuma ni mechi moja ya ligi huku kwetu. Sitataja uwanja wala timu ya nyumbani juu sitafuti vita na mtu. Ilikuwa Jumapili mchana, upande wa jua umejaa, vijana wa ngoma wamefika mapema vile wao hufika. Getini ngoma mbili zikakataliwa, ati vifaa haviingii. Askari wa geti hakuwa mbaya, ata alikuwa anaomba msamaha akisema ni amri imetoka juu, lakini ngoma zilibaki nje zimelazwa kando ya ukuta na kijana mmoja akabaki akizilinda, yaani mtu amelipa tiketi yake halafu mechi anaiskiza akiwa nje. Zile chache zilizopenya zikaanza kazi, na kwa muda mambo yakawa moto, stendi imesimama, akina mama wanapiga vigelegele, watoto wamepandishwa mabegani. Halafu mtu fulani kwa meza ya DJ akafungua muziki. Mpira ukichezwa! Si haftaimu, si mchezaji ameumia tunangoja daktari, ni kona inapigwa na spika zinanguruma muziki wa klabu ya usiku. Vijana wakajaribu kushindana nazo, wapi, huwezi shindana na spika na mikono mitupu. Kufika haftaimu walikuwa wamekaa chini mikono kwa mapaja, na stendi yote ikakaa nao, watu wakatoa simu wakaanza kuscroll. Tulitoka sare. Sisemi sare ililetwa na DJ, lakini kipindi cha pili hakikuwa na roho na kila mtu aliyekuwa pale aliona.

Watu wengi wanadhani makelele ya uwanja hutokea tu yenyewe, ati wakijaa elfu kumi basi kelele inakuja. Sio hivyo. Kelele nzuri ina mafundi wake na hao mafundi wako kwetu. Nenda mechi ya AFC Leopards, timu inayopendwa sana na Waluhya, uketi karibu na wapigaji wa isukuti uone. Ngoma zenyewe huwa seti ya tatu, kubwa, ya katikati na ndogo, na kwa desturi hufunikwa na ngozi ya kenge, na zinapigwa na mkono, zimening'inizwa begani ama zimebanwa kwapani. Kabla mechi ianze utaona mwenye ngoma ameigeuza uso wake unaangalia jua, ama ametafuta makaratasi na nyasi kavu akawasha kamoto kadogo nyuma ya stendi, anapitisha ngozi juu ya joto polepole, anaigonga na vidole viwili, anainama anaskiza, anarudisha tena. Ngozi ikilegea sauti inakuwa nzito haifiki mbali. Ikikaza vizuri inalia kali na inafika goli la upande wa pili. Kuna mzee mmoja nimewahi mwona akirudisha ngoma kwa moto mara kadhaa na watu wanampigia kelele aanze tu, timu zimeshatoka, na yeye hana haraka, anasema bado. Alipoanza ndio nikaelewa alikuwa anangoja nini, maana ile ndogo ilikuwa inaskika juu ya kila kitu, juu ya vuvuzela, juu ya matatu za barabarani.

Na hawapigi tu ovyo. Wanasoma mchezo. Mpira ukiwa nyuma kwa mabeki ni ile ndogo peke yake inatembea, watu wanapiga makofi taratibu, winga akipata mpira na kuanza kukimbia na laini ile ya katikati inaingia, akifika karibu na boksi kubwa inanguruma na hapo ata mwenye alikuwa ananunua njugu anageuka. Mpira ukipotea ngoma zinashuka zote pamoja bila mtu kuambia mwingine. Hiyo ni akili, wandugu. Mchezaji kiwanjani hahitaji kuangalia, anaskia kwa mgongo wake timu iko kwa hali gani. UNESCO mwaka wa 2014 iliweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega kwa ile orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, ikieleza kwamba wazee wanaojua wanapungua na vijana hawachukui. Sasa fikiria, kitu dunia imesema kilindwe haraka, sisi tunakizuia kwa geti la uwanja ati ni kifaa.

Wenzangu wa Gor Mahia mambo yao ni ya sauti zaidi. Mimi ni wa kijani tangu utotoni kwa hivyo hapa nitaongea na mapenzi, mnivumilie. Siku ya mechi kwa uwanja wa Mamboleo hapa Kisumu, watu wanaanza mtaa wa Kondele. Hakuna aliyeitisha mkutano, mmoja mwenye sauti anaanzisha, kundi linamjibu, ule wimbo wa kuambia watu wapishe njia K'Ogalo, yaani Gor, wanakuja, na mwendo unakuwa ule wa kukimbia kidogo kidogo, miguu inapiga lami kwa pamoja, boda zinapiga honi kwa mapigo hayo hayo, mama wa mboga anaacha biashara anacheza hatua tatu nne anarudi. Ukifika geti wewe tayari umetoka jasho na mechi haijaanza. Mwimbishaji ndiye mtu muhimu kwa hiyo safari yote. Anajua lini abadilishe wimbo watu wasichoke, anajua kutunga jina la mchezaji mpya ndani ya wimbo wa zamani hapo hapo akitembea, na ata haoni mechi vizuri juu muda mwingi amewapa mgongo wachezaji anatuangalia sisi. Halipwi. Nimeona mwimbishaji akimaliza mechi hana sauti ya kuagiza chai.

Baba yangu hukumbuka ile ya 1987, Gor walipochukua Kombe la Mandela, lile la Afrika la washindi wa makombe, mbele ya Esperance ya Tunisia, mbili mbili kule Tunis halafu moja moja Nairobi, wakapita kwa goli la ugenini. Yeye aliifuata kwa redio, Sauti ya Kenya, wamezunguka meza wengi, na kile anachosimulia kila mwaka bila kuchoka ni kwamba goli mlikuwa mnalijua kabla mtangazaji aseme. Makelele ya uwanja yalikuwa yanafika kwanza, mtangazaji anafuata. Nafikiri mimi kupenda kelele nilianzia hapo, kwa hiyo hadithi.

Halafu kuna Kisii. Aki Kisii ni mahali pengine. Timu yao Shabana waliteremka daraja 2006 wakakaa chini huko miaka 17, na waliporudi ligi kuu 2023 mji wote ulirudi nao. Gusii Stadium iko katikati ya mji so hakuna kujificha, ukiingia stendi ya basi tu unajua leo Tore Bobe, yaani Shabana, wanacheza. Sisi tukienda kule tunapita Ahero, Katito, Sondu, Oyugis, matatu imejaa kijani na nyimbo, lakini ukiteremka Kisii unaskia kabisa kwamba leo wewe ni mgeni. Kile ninachowapendea Wakisii ni kwamba miaka yote hiyo timu ikiwa chini waliendelea kujaza uwanja kwa mechi za madaraja ya chini. Kuimbia timu inayoshinda ni rahisi. Wale waliimba miaka na miaka wakati hakuna kamera.

Nakuru nao wana historia kubwa kuliko wengi wanavyojua, bingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya Kenya mwaka wa 1963 alikuwa Nakuru AllStars, na Ulinzi, ambao uwanja wao wa nyumbani ulikuja kuwa Afraha hapo Nakuru, wamechukua ligi mara nne, 2003, 2004, 2005 na 2010. Afraha ilipofungwa irekebishwe rafiki zangu wa Nakuru waliniambia Jumapili za mjini zilikuwa tupu, hakuna pa kwenda kupiga kelele. Ndio maana nasema uwanja mzuri peke yake hautoshi, ule uzoefu wa stendi, nani anaanzisha, nani anajibu, unaweza kupotea watu wakikaa nje miaka michache tu.

Wacha niguse vuvuzela juu najua nitaulizwa. Vuvuzela ilitufikia kwa wingi wakati wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini 2010 na mimi sina chuki nayo, inaleta furaha, ni ya bei ya chini na mtoto anaweza kuipuliza. Shida yangu na vuvuzela ni mbili. Ya kwanza, ina sauti moja tu. Mpira ukiwa kwa kipa ni ile ile, penalti ni ile ile, timu imefungwa ni ile ile. Haijui kinachoendelea. Ngoma inajua. Ya pili ni masikio. Mwaka huo wa 2010 shirika la Hear the World la Uswisi lilipima likapata vuvuzela inafika desibeli 127 karibu na sikio, na NIOSH ya Marekani, wale wa afya ya wafanyakazi, wanasema ukikaa kwa desibeli 85 masaa nane ndio kikomo, na kwa desibeli 100 ni kama dakika 15 tu. Sasa wewe umebeba mtoto wa miaka minne mabegani na mtu nyuma yako anapuliza karibu kabisa na sikio lake dakika 90. Hiyo si sherehe tena. UEFA wenyewe, wale wa mpira wa Ulaya, waliikataza kwa mashindano yao Septemba 2010. Mimi sitaki ikatazwe, nataka tu mtu aangalie nani yuko mbele yake, aielekeze juu.

Lakini kelele inasaidia kweli ama ni sisi tunajipa umuhimu? Inasaidia, na imepimwa. Kuna utafiti wa Alan Nevill na wenzake uliotoka 2002, walichukua marefa 40 wakawaonyesha video ya mechi ya Liverpool na Leicester, matukio 47 ya kugongana, wengine wanaskia kelele za uwanja, wengine wamezimiwa sauti. Walioskia kelele waliita faulo chache dhidi ya timu ya nyumbani, karibu asilimia 15.5 chini ya wale wengine. Video hiyo hiyo, tofauti ni sauti tu. Halafu ikaja korona viwanja vikafungwa, na msimu wa 2020/21 ligi kuu ya Uingereza ilimalizika na ushindi wa ugenini 153 na wa nyumbani 144, mara ya kwanza katika historia ya ligi yao ya juu ushindi wa ugenini kuzidi wa nyumbani. Hapa kwetu pia ligi iliporudi mwisho wa 2020 ilirudi bila mashabiki na mimi nilikuwa natazama kwa runinga naskia kochi akiita majina, naskia mpira ukigonga nguzo, naskia ndege. Wachezaji wakifunga wanakimbia kona halafu wanafika pale wanasimama, hakuna mtu. Nilikuwa naskia vibaya kwa niaba yao.

Na tukija karibu zaidi, nani amesahau Agosti 2025, CHAN, yale mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, kwa uwanja wa Kasarani Nairobi? Kenya wakicheza na Morocco, Ryan Ogam amefunga, halafu kabla ya haftaimu mchezaji wetu Erambo akaonyeshwa nyekundu, tumebaki kumi na kipindi kizima cha pili mbele. Mimi nilikuwa Kisumu, tumetoa runinga nje tukakaa barabarani mtaa mzima, na mnakumbuka kilichoskika. Kila mara Morocco wakipata kona uwanja ulipiga firimbi mpaka mtangazaji haskiki, kila mara beki wetu akiupiga mpira nje, nje tu, hakuna kitu cha maana, watu walishangilia kama goli. Beki amechoka anapigiwa makofi kwa kutoa mpira nje, unafikiri atalala? Walimaliza moja bila, na hao Morocco ndio waliokuja kuchukua kombe. Kochi Benni McCarthy alikuwa na kazi yake nzuri pale, simnyimi, lakini ile ya watu kumi kusimama dakika 45 ilishikiliwa pia na watu wa stendi.

Na hapo hapo Kasarani ndio tulijiharibia. Watu waliingia bila tiketi, mageti yakasukumwa, CAF, wasimamizi wa mpira wa Afrika, wakapiga faini na wakakata idadi tuuziwe tiketi 27,000 peke yake kwa uwanja wa karibu watu 48,000. Robo fainali na Madagascar, moja moja, tukatoka kwa penalti nne tatu. Nani anajua viti vile vitupu vingekuwa vimejaa ingekuwaje.

Hili jambo la fujo siwezi kulipita juu juu kwa sababu ndio kisingizio kikubwa kinachotumika kutuzuia. 23 Oktoba 2010 kwa geti la uwanja wa Nyayo Nairobi, dabi ya Mashemeji, Gor na Leopards, watu saba walikufa kwa msongamano. Saba. Walitoka nyumbani kwenda kuimba. Kila nikisukumwa kwa foleni ya geti mimi huwakumbuka, na nimewahi kutoka kwa foleni nikarudi nyumbani bila kuona mechi kwa sababu sikupenda venye watu walikuwa wanasukuma. Mawe pia tumeona, viti vimeng'olewa, refa amekimbizwa, mchezaji wa upande wa pili ametukanwa kabila lake na mama yake. Hizo kelele mimi sizitetei hata kidogo, na dada zetu wengi wameacha kuja uwanjani kwa sababu ya matusi na kushikwashikwa kwa foleni, wakiniambia hivyo sina jibu isipokuwa kuona aibu.

Lakini angalieni vizuri ni nani anarusha mawe. Si mwenye ngoma. Mtu amebeba ngoma ya babu yake hawezi kuanzisha vita, itapasuka. Si mwimbishaji, yeye akipigana nani ataimbisha? Mahali kuna ngoma na nyimbo watu wana kazi ya kufanya, mikono imeshughulika, midomo imeshughulika, na hasira ya goli la kuotea inaingia kwa wimbo inatoka. Nimeona mwenyewe mara nyingi, refa amekosea vibaya sana, watu wameanza kuinuka na chupa mkononi, mwimbishaji anaanzisha wimbo wa kumcheka refa, stendi nzima inaimba inacheka, chupa zinarudi chini. Ukitoa huyo mtu ukaweka DJ, DJ hajui refa amekosea, ameangalia kompyuta.

Na siwezi kuongea haya bila kumtaja Isaac Juma wa Mumias. Yule aliyekuwa anajipaka rangi mwili mzima na kucheza kando ya uwanja, mechi za Leopards na za Harambee Stars, hakuna Mkenya wa mpira asiyejua sura yake. Aliuawa nyumbani kwake Januari 2022. Sisi wa kijani tulilia pia. Alikuwa wa upande ule mwingine lakini alipokuwa akipita mbele ya stendi yetu tulikuwa tunamzomea na kumpigia makofi kwa wakati mmoja, na yeye anazidi kucheza. Alifanya ile kazi miaka na miaka na hakuna siku nilimwona amekuja uwanjani kukaa tu. Watu wa aina hiyo ndio wanafanya mtoto aseme baba twende tena wiki ijayo, na tuwaheshimu wakiwa hai, waingie bure, wapewe nauli, wapewe maji.

Jambo lingine linaloniuma ni vibanda vya mpira. Jumamosi jioni pita Manyatta ama Nyalenda uone, Arsenal ikicheza mabati yanatetemeka, watu wanalia machozi, wanapigana kwa ajili ya mchezaji ambaye hajui Kisumu iko wapi. Sina neno, mimi pia naangalia na nina timu yangu huko. Ila ndugu yangu, Arsenal haikuskii. Umepiga kelele mpaka koo imekauka na haijabadilisha kitu hata pasi moja. Jumapili timu yako iko kilomita tatu kutoka kwako, beki wa kulia umesoma naye, ukiita jina lake anageuka, na wewe umelala. Chukua ile sauti yote uilete Moi Stadium, uilete Mamboleo, uilete Bukhungu ya Kakamega, huko inaskika na inafanya kazi.

Sasa wenye timu na wa kaunti, hapa ndio nawaomba, na naomba kwa heshima. Ngoma ziruhusiwe kwa geti. Mnaogopa silaha, sawa, kagueni, gongeni ndani, angalieni, halafu mwacheni mtu apite. Andikeni majina ya vikundi vya ngoma mapema, wawe na kona yao nyuma ya goli moja, wajulikane, kiongozi wao awe na namba ya mkuu wa usalama wa mechi ili kukiwa na joto aambiwe aanzishe wimbo wa kutuliza. DJ tunampenda, apige kabla ya mechi, apige haftaimu, atangaze wachezaji wanaobadilishwa, lakini refa akipuliza kuanza spika zizimwe mpaka apulize tena. Kama klabu ina pesa ya kukodi spika kubwa vile, ina nauli ya wazee watano wa isukuti kutoka Shinyalu kule Kakamega.

Na sisi wa stendi tuje mapema. Wimbo hauwezi kushika kama watu wanaingia dakika ya 30 na simu kwa uso. Wenye watoto mkae mbali kidogo na vuvuzela ama mnunue zile pamba za masikio, duka la dawa lolote mjini utapata. Wenye sauti msiogope kuanzisha, ukianza na watu wawili tu wakajibu inatosha, wengine watakuja kwa mstari wa tatu. Wageni wakija kutoka Kisii ama Kakamega waachieni upande wao waimbe, na wakimaliza jibuni na wimbo wenu. Mechi ijayo ya nyumbani mimi na vijana kadhaa wa hapa mtaani tutakuwa nyuma ya goli la kushoto ukiingia, saa moja kabla, na kuna mzee ameshakubali kuja na seti yake ya tatu akiruhusiwa. Barua ya kuomba ruhusa tumeshaipeleka kwa ofisi ya uwanja, tunangoja jibu.